Baridi Iliingilia Wapi

Fundi hakuwahi kumiliki koti. Naliweka hili mbele kwa sababu watu waliovaa makoti yake ni wengi, na kila mmoja anaamini aliyemshonea alikuwa mtu anayeijua baridi. Hakuijua. Miaka yote niliyokaa jirani naye Kariakoo, yeye chini ya ngazi na mimi mlangoni na bidhaa zangu, alivaa singlendi nyeupe, suruali ya kitambaa iliyopigwa pasi, na futi, ule utepe wa kupimia, shingoni. Mvua za masika zikianza na watu wa mtaani wakajikunyata kama kuku, yeye alisema, "Hii siyo baridi. Haya ni maji." Halafu alisogeza kiti chake ndani kidogo, akidhani hatumwoni.

Kwao ni wapi na alizaliwa lini, hilo sitalieleza, maana hata yeye alilieleza vibaya. Mwaka wa kuzaliwa aliubadilisha kufuatana na anayeuliza: kwa watu wa vitambulisho alikuwa mzee sana, kwa wajane wa mtaani alikuwa bado. Ninachokijua ni kwamba alikuwepo pale kabla ya ghorofa. Nyumba ya zamani ilipovunjwa, mwenye nyumba alimwomba apishe ujenzi. Fundi akapisha. Akahamishia cherehani ng'ambo ya barabara, akakaa mwaka na zaidi akilitazama jengo likipanda mpaka likafika ghorofa sita (nimezihesabu mara mbili; ya sita ni nusu). Siku mafundi walipoondoa mbao za mwisho, alivuka barabara na kiti chake, akakaa palepale alipokuwa akikaa. Sasa palikuwa chini ya ngazi. Mwenye nyumba alipofika akamkuta anatia uzi kwenye sindano. Alisimama, akafikiri, kisha akasema, "Shikamoo, Fundi." Mkataba wake wa upangaji ulikuwa huo.

Mimi nauza makoti ya baridi. Mtu akicheka namwachia acheke, kisha namweleza. Robota la mitumba ukilifungua asubuhi pale Ilala, unaomba utoke suruali za jinzi au nguo za watoto. Badala yake yanatoka makoti, mazito kama magodoro, ya watu wa nchi ambako jua ni habari ya kusikia. Wenzangu waliyasukumia pembeni. Mimi niliyaokota, kwa hesabu kwamba kitu kinachokataliwa na mji mzima lazima kuna mahali kinalilia. Mahali penyewe ni Makete, ni Lushoto, na zaidi ya kote ni mlimani: wapagazi wa Kilimanjaro, wale wanaobebea watalii mizigo. Walishuka Dar msimu wa wageni wachache wakaja kwangu. Lakini koti la mitumba linakuja limekufa zipu, limechanika, na limekatwa kwa mwili wa jitu. Hapo ndipo Fundi alipoingia. Alilifumua lote, akalishona upya kwa kimo cha mtu wetu. Mimi aliniita Muuza Baridi, mbele ya wateja na nyuma yao.

Katika biashara nimewashusha bei watu ambao hata bei walikuwa hawajaitaja. Fundi sikumshusha. Nikimwambia, "Fundi, nipunguzie basi, mimi jirani," aliinua kichwa taratibu akauliza, "Nikupunguzie mshono upi?" Nilijaribu kwa kulia, kwa kununa, kwa kuondoka na kurudi. Mara moja nilijaribu kwa kunyamaza, ambayo ndiyo silaha yangu kubwa. Alinyamaza zaidi yangu. Mpaka adhana ya adhuhuri inatoka tulikuwa tunatazamana, na niliyelipa bei kamili ni mimi.

Namna yake ya kufanya kazi sijaiona kwa mwingine. Ukutani, nyuma ya cherehani, alitundika kitambaa cheusi alichokikata kwa umbo la koti: kifua, mgongo, mikono miwili, bila kichwa. Kila mtu aliyerudi kutoka kwenye baridi, awe mpagazi, awe mwanafunzi wa Ulaya, awe binti aliyeolewa Njombe, Fundi alimkalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa akamuuliza swali moja: "Baridi iliingilia wapi?"

Hakuuliza kama koti lilikuwa zuri. Akitajiwa mahali, alichukua chaki akatia alama kwenye kile kitambaa. Kwenye vifundo vya mikono kulikuwa na alama nyingi mpaka pakawa peupe. Shingoni pia. Kiunoni kidogo. Kisha alikaa anakitazama kitambaa kile kama mtu anayetazama ramani ya nchi ambayo hatafika, na koti lililofuata lilikuwa na mpira vifundoni na kola ya kupanda mpaka masikioni.

"Baridi ni mwizi, Muuza Baridi," aliniambia. "Mwizi humkamati kwa nguvu. Unamuuliza aliyeibiwa."

Kwa majaribio alikwenda Feri, kwenye chumba cha barafu wanachohifadhia samaki. Mlinzi wa pale alimzoea. Fundi aliingia na koti jipya mwilini, akakaa juu ya kreti katikati ya majodari, akakunja mikono kifuani na kuanza kusoma sura ya Yasini kwa sauti ya chini. Akiimaliza bila kuhisi kitu, koti lilikuwa la Yasini moja. Akiirudia mpaka mwisho, lilikuwa la Yasini mbili. Mlinzi alimwambia siku moja, nikiwepo, "Mzee wangu, ukinifia humu ndani nitamwambia nani?"

"Mwambie huyu," Fundi akanionyesha. "Koti ni lake. Mimi utanizika, yeye atalifua auze."

Kipimo kile kikaingia sokoni. Nilianza kukitumia kwa utani, nikakuta wateja wanakitaka. Vijana wa Moshi wenye rozari shingoni walisimama mlangoni kwangu wakasema, "Kaka, nipe la Yasini mbili." Sijaona cheti cha ubora kinachoaminiwa kama kile.

Sasa usidhani nakuchorea malaika. Kwenye drafti Fundi alikuwa mwizi wa wazi. Ukigeuka kumjibu mteja, vizibo vyake vya soda viliongezeka kimoja, nawe ukihesabu na kulalamika, alisema, "Wewe unahesabu sana, ndiyo maana hucheki." Na mtu huyu aliyekaa hiari yake kati ya samaki walioganda hakunywa maji baridi. Ukimletea soda ya friji aliiweka juani kwanza. Feni aliisema vibaya kama mtu anavyomsema mke mwenza. Alitaka ukweli kutoka kwa kila aliyevaa koti lake, na yeye mwenyewe alitudanganya kuhusu umri, kuhusu drafti, na kuhusu kidonda cha mguu alichosema kimepona.

Kuna jambo jingine ambalo wakati ule sikuliona, mimi ninayehesabu vifungo mara mbili. Kabla ya makoti, Fundi alitumia maisha yake kushona mashati ya watu wa Dar, watu wanaotoka jasho wakiwa wamesimama. Kila kwapa aliliachia matundu manne madogo, ameyapinda kwa uzi kama kitundu cha kifungo, ili mtu apumue. Wazee walimsifia hayo. Sikuwahi kujiuliza mkono uliozoea hivyo ungefanya nini ukipewa koti.

Mambo ya sinema yalianza kwa sababu ya mbinu yangu ya mauzo. Mchana wa Kariakoo, jua utosini, nilisimama mlangoni bila koti nikatetemeka. Meno yaligongana, magoti yaligongana, nikasema, "Jamani, nakufa mwenzenu." Watu walipojaa nilivaa koti, nikatulia, nikatabasamu. Siku hiyo kati ya watu kulikuwa na dada mmoja mfupi, mwenye sauti ya kondakta, ambaye hakucheka.

"Unaweza kufanya hivyo tena?" akauliza.

"Ukinunua, dada."

"Nikinunua kumi na nane?"

"Nitatetemeka mpaka jioni."

Alikuwa mwongozaji wa filamu. Alitaka makoti kwa ajili ya watu wake kwenda kurekodi juu Kilimanjaro, kwenye theluji. Akaniuliza kama nimewahi kuigiza. Nikamwambia kila siku, kuanzia saa mbili asubuhi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilidhani najua kila kitu kinachouzika. Tukapatana makoti kumi na nane, ya akiba yakiwemo, pamoja na mimi mwenyewe ndani ya moja.

Hadithi yake ilikuwa ya ndugu wawili waliokwama mlimani. Mkubwa anamvua baridi mdogo wake aliyevunjika mguu, yaani anamwachia koti lake, kisha anashuka na shati tupu kutafuta msaada. Mkubwa ni mimi. Kazi yangu ilikuwa kutembea kwenye theluji na shati, kusimama mbele ya kamera na kusema maneno manne: "Yuko juu. Yuko hai."

Fundi alisikiliza yote haya akiwa anakata uzi kwa meno. "Kwa hiyo Muuza Baridi anakwenda kumwona mwenye mali," akasema. Kisha akamgeukia mwongozaji. "Shati tupu, mama?"

"Ndiyo baba. Lionekane chakavu."

"Kuonekana litaonekana. Lakini mtoto wa watu hafi ili atazamwe."

Akashona shati la khaki ambalo ungelitupa ukilikuta jaani. Ndani yake, kati ya kitambaa na bitana, alitandaza manyoya ya bata aliyoyatoa kwenye koti moja la mitumba, membamba kama vumbi, akayashona vidirisha vidogo vidogo yasikusanyike. Akaenda nalo Feri. Alirudi akasema, "Yasini moja na nusu. Zaidi ya hapo usimlaumu mtu. Na ukirudi utaniambia ilipoingilia."

"Haitaingia, Fundi."

Akanitazama kwa huruma fulani. "Wote mnasema hivyo."

Tulipanda siku nne. Tulikuwa kumi na mmoja tuliotoka Dar. Nilipohesabu mara ya pili tulikuwa kumi na wawili, maana mara ya kwanza sikujihesabu. Pamoja nasi walikuwepo wapagazi wa Moshi, na hapo ndipo niliposhangaa mara ya kwanza: nilikutana na bidhaa zangu. Koti la kijani lenye mfuko wa ubavuni nililiuza mwenyewe. Lile jekundu, zipu yake niliichagua. Yalikuwa yanapita mbele yangu kwenye njia ya mawe, yamebeba mahema, na waliomo ndani walikuwa wanapiga mluzi wakati mimi nilikuwa nahema kama pampu mbovu. Mpagazi mmoja mtu mzima, mwenye ndevu za mvi, alisikia natoka Kariakoo akaniuliza, "Unamjua Fundi?"

"Nakaa naye mlango kwa mlango."

Akasimama. Akatua mzigo. Akanipa mkono kwa mikono yake miwili, kama watu wanavyowapa mkono ndugu wa mtu mkubwa. Hakuwahi kumwona Fundi hata siku moja. Koti alilirithi kwa kaka yake. Akalipiga kifuani akasema, "Yasini mbili hili," na wenzake wakaitikia kwa vichwa. Nikafikiri juu ya yule mzee wa singlendi chini ya ngazi, anayeweka soda juani.

Siku ya tano asubuhi tulikuwa juu ya kambi ya mwisho, na theluji ilikuwa imeanguka. Theluji niliyoijua mimi ni ile ya kwenye kuta za friji, unayoikwangua kwa kisu. Hii ilikuwa imelala kimya mpaka macho yanapoishia, bila alama ya mguu wa mtu. Nilitafuta kitu cha kuhesabu nikakosa. Hakukuwa na mlango wala mtu, na hakuna aliyekuwa anauza chochote. Kwa mara ya kwanza maishani nilisimama mahali ambapo hakuna wa kubishana naye, na nilijisikia mdogo, lakini sikuona aibu.

Tulikuwa na siku ile moja na betri tatu. Mpiga picha aliniambia betri ikipoa inakufa, kwa hiyo alizibana makwapani, ndani ya koti, kama kuku anayeatamia. Baada ya muda akaanza kulalamika. "Upepo unaingia huku. Moja imeshakufa."

Yule mpagazi wa ndevu za mvi akacheka. Akatoa mfukoni jozi ya soksi. "Ziba kwapani, kaka. Haya makoti ya Fundi wote tunaziba."

Nikainua mkono wa koti langu. Matundu manne, yamepindwa vizuri kwa uzi. Nikainua wa pili. Manne.

"Kwa nini hamkumwambia?" nikauliza. "Yeye anauliza kila mtu."

"Wanaofika kwake wanamwambia vifundo, wanamwambia shingo. Hayo ni ya koti. Haya ameyatengeneza kwa mkono wake, akijua." Akakunja uso kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakumkatiza imamu au padri. "Nani amwambie mzee wa watu?"

Kisha nikavua koti, nikabaki na shati. Nalo lilikuwa na matundu. Soksi hazikufaa, zingevimba makwapani zikaonekana kwenye picha.

Nitaieleza baridi ile kwa kifupi. Kifuani haikufika. Mgongoni haikufika. Manyoya ya bata yalisimama imara. Lakini upepo ulikuja kutoka kwenye barafu ya juu, ukaipata ile milango minane, na ukaingia kama maji ya bomba yanavyoingia kwenye ndoo. Nilitembea mpaka mbele ya kamera nikitetemeka kwa kweli, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, na nikasema maneno manne, ambayo hayakusikika hata moja.

"Kata," mwongozaji akasema. "Unatetemeka vibaya."

"Dada, hii ni baridi yenyewe."

"Haionekani hivyo. Ya Kariakoo ilikuwa bora. Nipe ile ya Kariakoo."

Nikampa ile ya Kariakoo, meno na magoti. Akatazama kwenye kioo cha kamera akatikisa kichwa. Huku juu, mbele ya theluji ile, ilionekana kama mtu anayeuza makoti. Betri ya pili ikazimika. Ikabaki moja. Watu kumi na wawili walikuwa wamepanda siku nne kwa ajili ya maneno manne, na wengine kumi na mmoja walikuwa wananitazama. Mpagazi wa mvi alikuwa amegeuka pembeni, kwa adabu.

Hapo nikamkumbuka Fundi juu ya kreti yake ya samaki. Kwa miaka niliyomchungulia kwenye chumba kile sijamwona akitetemeka. Alikaa, akakunja mikono, akabana makwapa, macho chini, midomo ikienda. Nikaelewa kwa nini hakuhisi kamwe matundu yake mwenyewe. Feri hakuna upepo, na mkao wake wa kusoma uliyaziba.

Yasini siijui. Mimi ni mtu wa kanisani, tena wa viti vya nyuma. Nikakunja mikono kama yeye, nikainamisha macho, nikaanza kuhesabu makoti kumi na nane, moja moja, kwa midomo, nikitembea. Nilipofika la mwisho nikarudia mwanzo. Sijui nilisimama saa ngapi. Nilisikia mtu akisema kwa sauti ndogo, iliyotulia, "Yuko juu. Yuko hai," na nilipofikiri nikakuta ni mimi.

Hakuna aliyesema kata. Mwongozaji alikuwa ameweka mkono mdomoni. Baadaye filamu ilipoonyeshwa, watu waliniuliza niliupata wapi ule utulivu, na kila nikijitazama pale kwenye theluji simwoni mtu wa miaka ishirini na mitatu. Namwona mzee wa Kariakoo aliyefika mlimani bila kupanda.

Kwenye basi la kurudi kutoka Moshi nilikuwa nimeshaandaa jibu: haikuingia, Fundi. Nililirudia mpaka Chalinze. Nimeuza koti lenye kifungo kimoja nikalisifia uwazi wake, sasa nitashindwaje kwa neno moja la heshima? Wapagazi wote wa mlima walikuwa wamemficha habari ya makwapa. Ningekuwa mmoja tu zaidi.

Nilimkuta chini ya ngazi na mjukuu wake. Binti yule alikuwa amepata nafasi ya kusoma uuguzi kwenye nchi ambayo kwenye simu yake alinionyesha mito imeganda na watu wanatembea juu. Alikuwa anaondoka Alhamisi. Kwa Fundi yule binti ndiye aliyekuwa dunia yote iliyobaki. Alimlea yeye, na kwa utani wa babu alimwita "mke wangu." Juu ya cherehani kulikuwa na koti la bluu, jipya.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Kaa." Akanisogezea ndoo kwa mguu. Akachukua chaki. "Haya. Baridi iliingilia wapi?"

"Babu, si umwache kwanza apumzike," mjukuu akasema.

"Mke wangu, huyu atapumzika akiuza. Vaa hilo koti tulione."

Akalivaa. Lilimkaa kama amezaliwa nalo. Akageuka, akainua mikono juu kama wasichana wanavyofanya mbele ya kioo, akaniuliza, "Kaka, limenipendeza?"

Nikayaona. Manne huku, manne huku, yamepindwa kwa uzi wa bluu.

"Fundi," nikasema. Nikajaribu kupatana naye, ndiyo kazi ninayoijua. "Tuseme kuna mahali palipoingia kidogo..."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo tu, kwa mtu asiyezoea."

Akaweka chaki chini. "Wewe umezoea kuuza," akasema. Sauti yake haikuwa kali. "Leo usiniuzie."

Sikuwa na bei nyingine. Nikainuka kwenye ndoo, nikainua mikono yangu juu kama mjukuu wake, nikasimama hivyo chini ya ngazi, watu wanapita. Shati lile la khaki nilikuwa nimelivaa. Fundi akasogea. Akapitisha kidole chake kwenye tundu la kwapa, kikatokea upande wa pili, akakitazama.

"Hapa?"

"Hapo, Fundi. Hapo tu. Kwingine kote haikufika."

"Na makoti mengine?"

"Yote. Wanaziba kwa soksi."

Nilitarajia hasira, au aibu, na kwa yote mawili nilikuwa nimejiandaa. Akauliza, "Soksi za aina gani?"

"Za sufu."

"Sufu inafaa," akasema, kama anayempa haki mshindani. Kisha akamwita mjukuu wake kwa mkono, akainua kwapa la koti la bluu, akatazama matundu yale kwa muda mrefu. "Sikumbuki kuyakata haya," akasema taratibu. "Wallahi sikumbuki. Mkono umeyakata wenyewe."

Akageukia kitambaa cheusi ukutani. Vifundo vyeupe, shingo nyeupe, kiuno, mabega. Makwapa yalikuwa meusi tii. Miaka yote ile. Akanipa chaki mimi. Nikatia alama mbili, moja kila kwapa.

Koti la bluu alilifumua mchana uleule. Siku iliyofuata tulikwenda wote Feri, na safari hii aliomba kitu kipya: aliazima feni kwa muuza chipsi, feni aliyoichukia, akaiwasha ndani ya chumba cha barafu, akakaa mbele yake ameinua mikono juu. Mzee yule. Mikono juu, kati ya majodari, upepo wa barafu ukimpiga mbavuni, midomo inasoma. Mlinzi alivua kofia. Nilisimama mlangoni nikihesabu: Yasini moja, mbili, na ya tatu ikapita nusu kabla mikono haijachoka. Ilichoka mikono tu. Koti halikushindwa.

Alhamisi binti akaondoka. Wapagazi walipoanza kushuka msimu ule, Fundi aliwapokea wote, akawaambia waache soksi, akawazibia bila kuwatoza. Yule wa ndevu za mvi alikuja mwenyewe. Walishikana mikono muda mrefu, na sikusikia walichosema.

Mara ya mwisho ninayotaka kuieleza ni asubuhi moja, miezi michache baadaye. Simu ya Fundi ililia, alikuwa mjukuu wake. Akaipandisha sauti, akailaza juu ya cherehani, maana mkono mmoja ulikuwa na mkasi. Upepo wa kule ulisikika mpaka kwetu, ukivuma kama lori linalopanda mlima.

"Shikamoo, Babu. Leo theluji imeanguka, nimetoka nje saa nzima."

"Marahaba, mke wangu. Koti?"

"Zuri sana, Babu. Baridi haikuingia kabisa."

Fundi akaweka mkasi chini. Akainamia ile simu. "Usiniheshimu," akasema. "Iliingilia wapi?"

Upepo ukavuma. Nilikuwa nimesimama mlangoni na koti mkononi, na mteja aliyekuwa anabishana nami akasogea kusikiliza, hajui kwa nini.

"Puani, Babu," binti akasema.

Fundi akageuka kukitazama kitambaa chake ukutani, chenye kifua, mgongo na mikono miwili, bila kichwa. Alikitazama mpaka simu ikakatika. Kisha akanitazama mimi, akaisukuma ndoo kwa mguu.

"Muuza Baridi. Njoo ukae."

Akaivua futi shingoni, akanipima pua. Mara mbili.